Mwongoza ndege aliyekuja hadi shambani Njoro: kazi yake, ada yake, na mwewe aliyetufundisha kumtambua

Kila anayefuga kuku wa kienyeji upande huu wa Njoro anaijua sauti ile. Jogoo anatoa ukelele mmoja mfupi, tetea anatanua mbawa, vifaranga wanatawanyika kutafuta pa kujificha, na kivuli kinakata uani. Ukitoka nje umeshachelewa. Unapaza sauti "mwewe! mwewe!" kwa sababu hivyo ndivyo sote tunavyomwita chochote chenye kucha kinachopita angani, halafu unahesabu vifaranga na hesabu haitimii.

Naandika kuhusu kijana mmoja wa Nakuru mjini anayeongoza watu kuangalia ndege. Kazi yake ya kawaida ni kuandamana na wageni ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, lakini ukimpigia anakubali pia kuja shambani kwako. Kwa asubuhi nzima alinitoza shilingi 2,500, na juu yake nikamlipia matatu hadi Njoro na boda hadi kwangu. Sikumwomba ruhusa ya kuweka jina lake hapa, kwa hiyo sitaliweka. Nitaeleza alivyofanya kazi, na mwenye kuku ataamua kama huduma ya namna hii inamfaa.

Mimi nilimhitaji kwa haraka. Kuna tai mweusi mwenye kishungi kirefu ambaye hukaa juu ya mlingoti wa stima kati ya shamba langu na la jirani wangu wa juu. Anakaa pale saa nyingi akitazama chini. Kwa jirani, huo ulikuwa ushahidi tosha. Alikuwa ameshaweka kando matumbo ya kuku ayapake dawa ya wadudu na kuyaacha chini ya mlingoti. Nilimsihi anipe muda. Nina mbwa na paka, watoto wa shule hupita njia hiyo hiyo, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumtegea sumu ndege wa mwituni. Zaidi ya hayo, hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona tai yule akiwa na kifaranga.

Nilimwambia kijana aje saa kumi na mbili asubuhi. Akakataa kwa upole. "Mama, hawa wakubwa hawaamki na jogoo." Alinieleza kwenye simu kwamba ndege wenye mbawa pana hungoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo nao wapande nayo bila kupiga mbawa sana. Kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita ndio wakati mzuri wa kuwaona angani. Hata hivyo alifika saa mbili, na hilo nimeliweka upande wa sifa zake, kwa sababu saa ile ya kwanza hakuangalia juu kabisa. Aliangalia chini.

Alizunguka boma lote akiwa ameinama. Chini ya mlingoti wa tai aliokota madonge makavu ya rangi ya kijivu, marefu kidogo kuliko kidole gumba. Nilidhani ni kinyesi. Kumbe ndege mbuai hawezi kuyeyusha kila kitu tumboni, kwa hiyo manyoya na mabaki mengine magumu hujikusanya kuwa donge naye hulitapika. Akamwita jirani, akakaa kwenye jiwe, akayapasua moja moja kwa kijiti mbele yetu. Ndani mlikuwa na manyoya laini ya panya, vipande vya mifupa, na meno marefu ya mbele yenye rangi ya njano. Hapakuwa na unyoya wa kuku hata mmoja. Jirani aliyageuzageuza kiganjani kwa muda, kisha akauliza, "Sasa kwa mwaka anakula panya wangapi?" Kijana akamjibu kwamba hana hesabu hiyo na hataki kumdanganya, ila panya ndio chakula chake kikuu. Mimi jibu hilo lilinifanya niyaamini na mengine yote aliyosema siku ile. Dawa ya jirani ilirudi stoo, na matumbo yakachemshiwa mbwa.

Sasa vifaa. Alikuja na darubini mbili za 8x42. Alieleza kwamba 8 ni mara ngapi inavuta karibu, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wengi huona heri wanunue ya 10 au 12, lakini inayovuta zaidi hutikisika mkononi na huonyesha kipande kidogo cha anga, ukitaka kumfuata ndege anayeruka unampoteza. Shosho, mama wa mume wangu, hakuwahi kushika darubini maishani. Kijana alimwambia afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati hadi mlingoti uonekane vizuri kwa jicho la kushoto, kisha afumbe la kushoto na kurekebisha kwa kizungusho kidogo kilicho upande wa kulia. Aliyekuwa na miwani alikunja vikombe vya macho. Na kanuni ambayo mimi sasa naifuata kila siku ni hii: usimwondolee ndege macho, inua darubini ije machoni. Ukiinamisha uso kutafuta darubini, ukirudi juu hayupo.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna anavyofundisha kutambua. Mtu wa kawaida akiona ndege huanza na rangi: ni mweusi, ni kahawia. Yeye rangi huiweka mwisho. Anga ikiwa nyeupe nyuma ya ndege, kila ndege ni mweusi. Anauliza kwanza mkia ukoje, kisha mbawa zina umbo gani, kisha anarukaje, kisha yuko wapi na anafanya nini. Kila ndege aliyepita alituuliza hayo kwa mpangilio huo, na hakutaja jina mpaka mmoja wetu ajaribu kulisema. Shosho alishinda sote katika mikia.

Mwewe halisi alijitokeza saa tatu na kitu, akitokea upande wa machinjio. Ukishamjua huyu mmoja, umepata kipimo cha wengine wote, kwa kuwa ndiye anayeonekana zaidi karibu na watu. Mkia wake una panda, umegawanyika nchani, na hautulii. Unapinda kushoto, unapinda kulia, kama usukani wa mashua mkononi mwa mvuvi. Mbawa zake ni ndefu na zimevunjika kidogo pale katikati, hazinyooki moja kwa moja. Mwili wote ni kahawia, na mdomo ni wa njano.

Hapo kijana alitusimamisha na kutuonya mambo mawili ambayo sikuwa nimeyasikia popote. Kwanza, mwewe anapozunguka akiwa ameutandaza mkia wote, ile panda hupotea na ncha huonekana imenyooka. Usikate tamaa, ngoja aukunje. Pili, usitegemee mdomo wa njano peke yake. Mwewe mchanga ana mdomo mweusi, na kuanzia karibu Oktoba hadi Machi huja wageni kutoka Ulaya na Asia, jamaa yake wa karibu kabisa, ambao hata wakikomaa mdomo wao hubaki mweusi. Mkia wa panda na ule upindaji wake ndio wa kuaminika.

Na huyu ndiye mwizi wa vifaranga. Tulimwona akishuka juu ya boma la pili kutoka kwangu, chini kabisa, karibu kugusa kamba ya nguo. Hakupata kitu siku hiyo, lakini njia yake ya kazi ilionekana wazi: hatui. Anapita, ananyakua kwa miguu, na mara nyingi anakula huko huko juu akiwa anaruka. Ndiyo maana kifaranga hupotea bila kuacha hata unyoya.

Lakini mimi nilikuwa nikipoteza pia matembe, mitamba ya kuku iliyokaribia kutaga, na mwewe hana nguvu ya kuinua kuku wa ukubwa huo. Kijana aliposikia hivyo alituuliza kama kuna mikaratusi karibu. Iko, safu ndefu inayoteremka kuelekea mtoni. Twende, akasema.

Chini ya mkaratusi wa nne au wa tano tulikuta manyoya yametapakaa mahali pamoja, mengi ya njiwa, na kati yake manyoya ya hudhurungi ambayo niliyatambua mara moja kuwa ya tembe wangu. Yalikuwa yamenyofolewa, hayakutafunwa. Kijana akaonyesha tofauti: paka au mnyama mwingine akila ndege hukata manyoya kwa meno na mashina huvunjika, lakini ndege mbuai huyang'oa moja moja kwa mdomo na mashina hubaki mazima. Juu, kwenye panda ya shina, kulikuwa na kiota kikubwa cha vijiti.

Kipanga mweusi. Hatukumwona kwa zaidi ya muda wa kupepesa macho, akapita katikati ya mashina kwa kasi ambayo sikuitarajia. Ana mbawa fupi za mviringo na mkia mrefu ulionyooka, na mwili umejengwa kwa kukata kona msituni. Mgongo mweusi, kifua cheupe. Hupiga mbawa mara chache haraka, huteleza, hupiga tena. Hazunguki juu ya boma akijitangaza kama mwewe. Hujificha, kisha hutoka ghafla. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa kiasi kikubwa, jambo la kawaida kwa ndege mbuai wengi, na jike ndiye anayeweza kuku mkubwa. Chakula chake hasa ni njiwa, na mikaratusi tuliyoipanda wenyewe imempa mahali pazuri pa kujenga. Nilimuuliza kijana kama tukate mti. Akasema mti ni wangu, uamuzi ni wangu, ila akija mwingine atajenga mti unaofuata, na heri niwafungie matembe asubuhi na mapema kwa miezi ambayo kiota kina makinda. Nimefuata ushauri huo.

Ningesimama hapo ningekuwa nimepata thamani ya pesa yangu. Lakini kulipofika saa nne na nusu juu ya shamba la ngano ng'ambo ya barabara alisimama ndege angani. Nasema alisimama: upepo ulikuwa ukitoka Mau, naye aliuelekea akaning'inia mahali pamoja, kichwa chini, akitafuta. Mbawa pana, mkia mfupi. Alipogeuka jua likaushika ule mkia, ukawaka wekundu wa matofali. Kwa chini alikuwa mweupe safi, na ukingo wa nyuma wa mbawa umechorwa mstari mweusi. Kijana alimwita shakevale. Nimekaa Njoro tangu niolewe na nilikuwa nimempita maelfu ya mara kwenye milingoti ya barabara ya Egerton bila kumtazama usoni.

Huyu ni ndege wa kwetu hasa, wa nyanda za juu za Bonde la Ufa: Njoro, Menengai, Naivasha, kando ya mashamba na magenge. Anakula panya, fuko, mijusi na nyoka. Kijana hakuapa kwamba hagusi kifaranga kamwe, alisema anaweza kumchukua mmoja akipata nafasi, lakini si kazi yake. Ugumu wa kumtambua ni kwamba wako pia wenye tumbo na kifua cheusi tii, na ni aina ile ile, wanaoana na weupe. Hapo ndipo mkia mwekundu unapokuokoa, kwa kuwa mweupe na mweusi wote wanao. Na mchanga wake hana wekundu huo, mkia wake ni kahawia wenye michirizi, kwa hiyo kwake unategemea umbo: mbawa pana, mkia mfupi usio na panda. Ukitazama ngano yetu na panya wanaoila, utaelewa kwa nini nilikaa nikimwangalia mpaka chai ikapoa.

Tulipokuwa tumekaa kijana alituambia jambo lililonikaa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliolinganisha ndege mbuai waliohesabiwa kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na waliohesabiwa miaka ya karibuni. Kati ya aina 22, aina 19 zimepungua, na shakevale na tai mwenye kishungi wamo katika waliopungua sana. Sumu, nyaya za stima na kukosa makazi vinatajwa miongoni mwa sababu. Tai aliye kwenye mlingoti wetu ni mmoja wa waliobaki, naye nusura apewe matumbo yenye dawa kwa kosa la ndege mwingine. Jirani alikuwa pale akisikiliza. Sikuongeza neno.

Wengine niwataje kwa kifupi. Tulimwona mwewe mdogo wa kijivu na mweupe, mwenye mabega meusi na macho mekundu, ambaye hupepea juu ya majani akitafuta panya. Ukimwona huyo usimfukuze kabisa. Yule tai wetu wa kishungi, alipoondoka mlingotini, alionyesha mabaka meupe karibu na ncha za mbawa. Ukiona mabaka hayo kwenye ndege mweusi anayeruka, umemjua hata kama kishungi hukioni. Tai mla samaki mwenye kichwa cheupe hatukumpata Njoro, yuko ziwani. Kijana anasema tangu maji ya Ziwa Nakuru yapande na samaki waongezeke, ni rahisi kumwona kule kuliko zamani.

Upungufu wa huduma upo na ni lazima niuseme. Tulikuwa wanne na darubini mbili, na alijua tangu awali idadi yetu. Mwanangu alisubiri zamu mpaka kipanga akapita bila yeye kumwona, akasikitika sana. Kwa ada ile, darubini ya tatu ingepaswa kuwemo. Pili, alipofurahi alianza kutaja majina ya kisayansi na ya Kiingereza kwa kasi, na shosho akaachwa nje. Ilibidi nimwambie, "Kijana wangu, sema na mama kwa lugha yake." Alijirekebisha na kuomba radhi, lakini angeanza hivyo. Tatu, hakuacha karatasi yoyote. Picha alizotuma jioni kwa WhatsApp zilikuwa nzuri, ila hazikuwa na maelezo, na mtu anayeanza hawezi kujua ni mkia upi wa nani. Ukurasa mmoja wenye michoro ya mikia mitatu, wa mwewe, wa kipanga na wa shakevale, ungemfaa mfugaji kuliko picha ishirini.

Kuhusu banda usimtegemee. Yeye ni mtu wa ndege wa mwituni, si wa kuku. Alishauri nifunike uwanja wa vifaranga, basi. Mengine nilijitafutia: nyavu kuukuu za kuvulia nilizoagiza kutoka Kisumu nimezitandaza juu ya uwanja mdogo, vifaranga hawatoki humo hadi watimize wiki nane, na kwa matembe nimeotesha vichaka vifupi ili wawe na pa kukimbilia. Ndege wa juu akikosa njia iliyonyooka ya kushuka, mara nyingi hupita.

Mpwa wangu alisema ningeokoa pesa kwa kutumia programu ya simu inayotambua ndege kwa picha. Tuliijaribu. Ndege aliyetulia kwenye mlingoti iliweza. Aliyekuwa akiruka, picha ikiwa na doa jeusi tu, ilituletea majina kadhaa tuchague wenyewe, na kuchagua ndiko kulikokuwa kumetushinda tangu mwanzo. Programu haitainama chini ya mlingoti kuokota madonge, wala haitakaa na jirani aliyekasirika.

Nampa kijana huyu alama nne kati ya tano, na nimeshawaambia wanawake wa chama chetu tuchangiane ili aje siku moja azungukie maboma yote. Anayemtafuta mwongozaji wa namna hii aulize kwanza kama ana leseni ya kuongoza watalii, aseme mapema wako watu wangapi na darubini ngapi zinahitajika, na amwambie wazi kwamba shida ni kuku, ili aanzie chini ya miti. Vaeni gambuti, umande wa kwenye nepia huchelewa kukauka. Msiyafagie manyoya wala madonge kabla hajafika. Mkimkuta ndege mbuai aliyeumia msimmalize, kuna vituo vya kuwatibu Naivasha na Soysambu, na kijana alijitolea kupiga simu huko kwa niaba ya yeyote atakayemjulisha. Kwa anayetaka kuwaona mwewe wa hapa na wageni kwa pamoja, amwite kati ya Novemba na Februari, siku yenye jua, na asimlazimishe kuja alfajiri.